Kitufe Kilichoomba Ruhusa

Mwenye dhamana ya kilichoupata mkono wa kulia wa Mama Sechelela ni aliyekuwa Meneja wa karakana yetu, na baada yake ni wamiliki waliomwajiri, waliopokea taarifa yake bila kuuliza swali hata moja. Mama Sechelela hahusiki na kosa hilo, ingawa kumbukumbu rasmi zinasema vinginevyo. Namtaja Meneja kwa cheo chake wala si kwa jina, kwa sababu amri zilitolewa kwa cheo, na uwajibikaji hufuata cheo hata mwenye cheo akiwa amekwisha kuondoka.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea mitambo na kompyuta, hasa ninyi wa chuo cha pale Chimwaga mliokuja nyumbani kwangu mkitaka niwasimulie habari za kompyuta za kwanza katika mji huu. Mlitarajia vichekesho. Vipo, na nitavisema. Lakini kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa usalama wa mitambo, na mkaguzi anayesimulia vichekesho huku akinyamazia hatari ameshindwa kazi yake, hata kama pensheni inaingia.

Karakana yetu ilikuwa pembezoni mwa mji, upande wa njia iendayo Bahi. Tulichonga vipuri vya pampu za visima na vya mashine za kusaga nafaka. Kisima kikifa huko Chamwino, kina mama wakaanza kuchimba mchanga wa korongo kutafuta maji, kipuri cha kukifufua kilitoka kwetu. Mashine yetu kuu ya kuchonga chuma ilikuwa ya kuendeshwa kwa mikono. Mwendeshaji alizungusha gurudumu, meza ikasogea, kisu kikala chuma. Akiliacha gurudumu, meza ilisimama. Baina ya mtu na mashine palikuwa na agano, na agano hilo halikuhitaji kuandikwa.

Mwendeshaji wake alikuwa Mama Sechelela, mwanamke wa hapahapa Ugogoni, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lake, mtu wa maneno machache yenye pilipili. Alikijua chuma kwa sikio. Mara nyingi nilimwona akiinua mkono kuwanyamazisha wenzake, akasikiliza, kisha akasema kisu kimechoka. Na kweli kisu kilikuwa kimechoka.

Ukaja wakati wa soko huria. Mashirika ya umma yakaanza kutafutiwa wenyewe wapya, na karakana yetu nayo ikapata wamiliki wapya na Meneja mpya. Kwa haki niseme kwamba hakuwa mvivu wala mjinga. Alisema ushindani unakuja na chuma cha mikono hakitauweza, na katika hilo alisema kweli. Akaagiza kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika ng'ambo, yenye kioo cha maandishi ya kijani. Magurudumu yakaondolewa, mota zikafungwa mahali pake. Karibu na mashine likawekwa sanduku la udhibiti, na kati ya kompyuta na sanduku ikapita kebo moja ya kijivu, nene kama kidole gumba. Kompyuta ilituma amri kwa njia ya kebo ile, nalo sanduku likazitii kwa kuzungusha mota. Yote nitakayowasimulia yalitokea ndani ya kebo ile.

Mtaalamu aliyekuja kuifunga alitoka Dar es Salaam. Alikaa mpaka kipande cha kwanza kilipochongeka, akapigiwa makofi, akapanda basi. Hakuacha mchoro. Nilipouulizia, Meneja alinijibu kwamba mashine inafanya kazi, mchoro wa nini? Kijana ukisikia swali hilo mahali popote pa kazi, ogopa. Mimi niliogopa siku hiyohiyo.

Wafanyakazi waliipa kompyuta jina la Mgeni. Asubuhi watu waliulizana, "Mgeni kaamka?" Na kisa cha kwanza kilikuwa cha kuamka kwake. Fundi wetu wa umeme, Daudi Ndahani, alizoea kuwasha kila kitu kwa pamoja: mota, sanduku, kompyuta. Asubuhi moja Mama Sechelela alikuwa anafuta vumbi kwenye meza ya mashine. Daudi akawasha. Meza ikaruka kando kwa nguvu, ikasimama. Mama Sechelela alirudi nyuma akiwa ameshika kitambaa kilichobaki nusu.

"Fundi," alisema, "huyu Mgeni wako kafundwa na nani? Hata shikamoo hajaniamkia, kanirukia."

"Mama, ndiyo kwanza kaamka," Daudi alijibu, ingawa uso ulikuwa umemwiva. "Hata wewe ukiamshwa ghafla utampiga mtu kofi."

"Mimi nikiamka nasali kwanza."

"Basi na yeye tumfundishe kusali."

Ulikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na uchunguzi. Daudi alitenganisha mota, akaiwasha kompyuta peke yake, akapima nyaya za kebo. Akaona kwamba kompyuta inapoamka, kabla programu haijashika usukani, hutupa umeme ovyo katika nyaya zake, kama mtu anayerusha mikono usingizini. Sanduku halijui kwamba huo ni usingizi. Linadhani ni amri, linatii. Tangu hapo tukawa na kanuni iliyoandikwa kwa chaki ukutani, nayo watu waliiita Sala ya Asubuhi: kwanza aamke Mgeni, kisha programu ikae sawa, mota ziwe za mwisho. Jioni, na kila kipande kinapobadilishwa, mota zizimwe kwanza. Nasikia mitambo ya siku hizi ina kinga ya kuzuia hayo. Vizuri. Hata hivyo msiweke mkono juu ya meza ya mashine inayoamka.

Niseme sasa habari za Mzee Kapinga, aliyetufundisha Daudi na mimi, kwa sababu bila yeye hamtaelewa yaliyofuata. Alikuwa fundi wa simu kabla ya kuja kwetu, na alistaafu muda mfupi kabla Mgeni hajaja. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ishara ni mnong'ono. "Ukitaka mnong'ono ufike," alizoea kusema, "usimpitishe mnong'onaji kando ya wapiga ngoma." Wapiga ngoma ni mota na nyaya nene za umeme mkubwa. Mnong'ono ni kebo ya ishara. Ukizifunga pamoja kwa sababu zinapendeza zikiwa fungu moja, ngoma itaingia katika mnong'ono, na msikilizaji atasikia neno ambalo halikusemwa.

Akatufundisha pia habari za ardhi. Nyuma ya jengo palikuwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na kila chombo cha chuma katika karakana kilifungwa kwake kwa waya. Kazi zake ni mbili. Umeme uliopotea hupata njia ya kurudi kwao bila kupita katika mwili wa mtu. Pili, vyombo vyote hupata usawa mmoja wa kupimia. Kompyuta inaposema "ndiyo", husema kwa kupandisha umeme kidogo kutoka usawa wa chini. Sanduku nalo lazima lipimie kutoka usawa uleule. Watu wawili wakipima urefu wa ukuta, mmoja akiwa amesimama shimoni, hawawezi kukubaliana, na hakuna aliye mwongo kati yao.

Lakini fimbo ya shaba huhitaji ardhi yenye unyevu, nasi tuko Dodoma. Kiangazi kikishika, udongo wetu mwekundu hukauka mpaka ukawa kama tofali lililochomwa, na fimbo hubaki imesimama ndani ya kitu kisichopitisha umeme. Kwa hiyo Mzee Kapinga alituachia desturi. Kuizunguka fimbo alichimba shimo, akalijaza mkaa na chumvi, na kila Jumatatu ya kiangazi tulimwaga pale maji. Maji ni adimu huku, hatukuthubutu kumwaga masafi. Tulimwaga yale tuliyokwisha kunawia mikono, yaliyokusanywa kwenye ndoo wiki nzima. Chumvi ilipopungua tuliongeza. Waliotuona kutoka barabarani walitucheka, na hata wa ndani hawakutuacha.

"Bwana Mkaguzi," Mama Sechelela aliniuliza siku moja, "leo mmewapa wazee chumvi. Mvua tunaitegemea lini?"

"Mvua si ya idara yangu, Mama. Mimi namnywesha shaba."

"Basi mnyweshe vizuri, maana mashamba yetu hayamjui shaba wako."

Sasa nifike kwenye amri ya kwanza. Meneja alitoka mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na majani hayajui kukauka. Jumatatu moja, kiangazi kikielekea ukingoni, alizunguka nyuma ya jengo akatukuta, Daudi na ndoo ya maji machafu, mimi na mfuko wa chumvi, tumeinama mbele ya fimbo.

"Nani ameruhusu matambiko katika eneo la kampuni?" aliuliza.

"Si tambiko, Bwana Meneja," nilimjibu. "Ni sehemu ya mfumo wa umeme."

"Mfumo wa umeme unaolishwa chumvi?"

"Ndiyo, Bwana Meneja. Udongo ukikauka, fimbo hii haifanyi kazi."

"Nimefanya kazi katika viwanda, mzee. Fimbo hupigiliwa ardhini, mambo yakaisha."

"Huko mvua hunyesha," nilisema.

Alicheka. Sina kinyongo na kicheko. Nina neno na kilichofuata. Alipiga marufuku desturi ile mbele ya wafanyakazi wote, akisema kampuni inaondoka katika ushirikina. Nilimweleza tena, kwa mdomo na kwa maandishi. Hakujibu. Kabla masika hayajaisha mahali pale pakasakafiwa kwa zege, shimo, mkaa, chumvi na vyote, pakawa maegesho ya gari lake.

Udongo chini ya zege ulikaa na unyevu wake kwa muda. Kisha kiangazi kikaja na upepo wake, vumbi likawa linaingia hata kwenye chakula, na mashine ikaanza kucheza.

Kwanza ilikuwa makosa madogo: tundu limekaa pembeni kidogo, kipuri hakiingii mahali pake. Meneja akasema waendeshaji ni wazembe. Likumbukeni neno hilo. Halafu mashine ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama, pasipo amri yoyote kwenye kioo. Halafu mchana mmoja, Mama Sechelela akiwa amekwenda kunywa maji, meza ikatembea peke yake. Ilitembea taratibu, kama mtu anayevuka chumba gizani, ikagonga mwisho wake, ikarudi.

Sijui niwaelezeje hofu ile. Hofu ya karakana haina kelele. Tulichokiona ni kwamba watu waliacha kuipa mgongo. Walipokula mchana waligeuza viti, wote wakaielekea. Mtu mmoja alibandika aya ya zaburi kwenye sanduku la udhibiti. Mwingine akaweka majani ya mwarobaini chini ya meza. Kijana wa zamu aliyekuwa msaidizi wa Mama Sechelela aliomba ruhusa ya kwenda msibani, na msiba ule haukuisha. Wapo waliosema ni shaba aliyenyimwa chumvi. Walisema kwa kunong'ona, wakiwa nusu wanatania, na mimi nilisikia baridi, kwa sababu kwa njia yao walikuwa wamegusa ukweli.

Meneja hakutoa ruhusa ya kusimamisha kazi, lakini alituruhusu kutafuta tatizo wakati wa mapumziko. Daudi na mimi tukaanza, na hapa naomba mnisikilize, maana huu ndio ufundi wenyewe. Anayetafuta tatizo la ishara kwa hofu hubadilisha vitu vyote kwa pamoja. Tatizo likitoweka hajui ni kipi kilichoponya. Likirudi hajui aanzie wapi. Mzee Kapinga alitufundisha kubadilisha kitu kimoja, kusubiri, ndipo kugusa kingine. Tulibadilisha kebo: hali ileile. Tuliitenga kebo na nyaya za mota: mtetemeko ukapungua, haukuisha. Tuliichomoa kebo kabisa kwenye kompyuta, tukaiacha inaning'inia upande mmoja: mota bado zikashtuka. Mgeni hakuwa akisema neno, lakini sanduku lilikuwa linasikia sauti.

"Bwana Mkaguzi," Daudi alisema akiwa amechuchumaa, jasho limemlowesha mgongo, "kama si Mgeni anayesema, ni nani?"

Swali hilo lilinitisha kuliko aya ya zaburi.

Jibu tulilipata kwa sikio la Mama Sechelela. Alikuwa amekaa pembeni anakula, akasema bila kuinua kichwa: "Mbona inaruka yule wa kuchomelea akianza?"

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na mashine ya kuchomelea chuma. Tukajipanga. Daudi alisimama mlangoni akimtazama mchomeleaji, mimi nikasimama kwenye mashine nikiwa nimempa Daudi mgongo, Mama Sechelela kati yetu. Kila cheche ilipowaka Daudi alishusha mkono kimyakimya, na kila meza iliposhtuka nilisema "Sasa!"

"Imepatana," alisema Mama Sechelela. Ikawaka tena. "Imepatana." Ikawaka. "Imepatana. Jamani, basi, inatosha, msiichokoze."

Daudi akachukua mita akapima kati ya mwili wa kompyuta na mwili wa mashine. Vyombo vile vilipaswa kuwa usawa mmoja. Mchomeleaji alipoanza kazi, mshale wa mita ukapanda na kubaki juu ukitikisika. Mchomeleaji alikuwa amebana waya wake wa kurudishia umeme kwenye nguzo ya chuma ya jengo, kama alivyofanya miaka yote, na zamani umeme ule ulishuka kwenye fimbo ya shaba ukapotelea ardhini. Sasa ardhi ilikuwa imefungwa. Umeme wa kuchomelea, wenye nguvu ya kuyeyusha chuma, ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwao, na njia mojawapo uliyoipata ilikuwa kebo yetu ya kijivu. Mpiga ngoma alikuwa ameingia ndani ya koo la mnong'onaji.

Kama mambo yangeishia hapo, hiki kingekuwa kisa cha ufundi, nanyi mngekicheka pamoja nami. Lakini kazi yangu ilikuwa usalama, nikataka kujua jambo moja zaidi. Nilimwomba mchomeleaji aendelee. Meza ilipoanza kutembea yenyewe, nilimwambia Mama Sechelela abonyeze kitufe chekundu.

Kila mtambo una kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, cha kusimamisha kila kitu wakati wa dharura. Alikibonyeza. Meza iliendelea kutembea. Akakibonyeza tena kwa kiganja kizima. Meza iliendelea. Nilitazama kioo cha kompyuta: maandishi ya kijani yalikuwa yameganda. Daudi aliruka hadi kwenye swichi kubwa ya ukutani, nyuma ya kabati, akaivuta chini. Meza ikasimama. Mama Sechelela alikuwa bado amekandamiza kitufe, na ilibidi nimshike kiwiko ndipo akakiachia.

Daudi alifungua sanduku akafuata waya wa kitufe. Haukukata umeme wa mota. Ulikwenda kwenye kebo ya kijivu, ukaingia katika kompyuta kama ishara nyingine yoyote, ili kompyuta ndiyo iamue kusimamisha mashine. Mtaalamu wa basi alikuwa ameona hiyo ndiyo njia fupi. Kitufe kile hakikuwa breki, vijana wangu. Kilikuwa barua ya maombi. Kilimwomba Mgeni ruhusa ya kumwokoa mtu, na saa hiyo Mgeni alikuwa amezirai.

Tulikwenda kwa Meneja, Daudi na mimi, mchana huohuo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilimwambia kitufe kihamishwe kikate umeme wa mota moja kwa moja, mchomeleaji abane waya wake kwenye kipande anachokichomelea, na zege livunjwe ili fimbo ipate unyevu. Ilikuwa kazi isiyofika hata wiki. Nilimwambia kwamba mpaka hapo mashine isiguswe.

"Mzee," alisema, "tuna oda ya vipuri vya visima. Unataka niwaambie wenye oda kwamba nimesimamisha uzalishaji kwa sababu ardhi ina kiu?"

"Nataka uwaambie kwamba kitufe cha dharura hakifanyi kazi, Bwana Meneja."

"Kinafanya. Nilikiona siku ya uzinduzi."

"Siku hiyo hakuna aliyekuwa anachomelea."

Akamgeukia Daudi. "Na wewe fundi, unasemaje? Unajua kwamba mwisho wa mwaka tunapunguza watu?"

Daudi alikuwa na watoto wadogo. Alitazama sakafu. Simhukumu, nilikuwepo, na nilisikia jinsi chumba kile kilivyokuwa kidogo. Alisema kwa sauti isiyosikika vizuri: "Aliyosema Bwana Mkaguzi ndivyo yalivyo." Kwa mtu aliyekuwa na hofu kiasi kile, sijasikia ushahidi mkubwa kuliko huo.

Matokeo yake yalikuwa kwamba mimi nilihamishiwa stoo, nikawa msimamizi wa boliti. Amri ya pili ya Meneja ilikuwa kwamba kazi iendelee. Ya tatu, na hii ndiyo naomba iandikwe kwa wino usiofutika, ilikuwa kwamba mota zisizimwe kati ya kipande na kipande, kwa sababu Sala ya Asubuhi ilikuwa inakula muda wa kampuni. Chaki ikafutwa ukutani.

Mama Sechelela alinifuata stoo. "Nifanyeje, Bwana Mkaguzi? Nikikataa, wapo wanaoitaka nafasi yangu. Sechelela yuko kidato cha tatu."

Nilimwambia asipeleke mkono chini ya kisu cheche zikiwaka. Akaniambia ukuta ni mrefu, hamwoni mchomeleaji, na mota zake zikiunguruma hamsikii. Ndipo Daudi akajipa kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Kila mashine ya kuchomelea ilipounguruma, aliacha alichokuwa anafanya akaenda kusimama nyuma ya kabati, mkono juu ya swichi kubwa, mpaka inyamaze. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Watu walidhani amezembea kazi. Mama Sechelela alifanya kazi akimtupia jicho, naye akimtupia jicho, na kwa muda ule uhai wa mtu mmoja ulikuwa unashikiliwa na mkono wa mtu mwingine, wala hapakuwa na kitu kingine chochote kati yake na kisu.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto kali. Feni ya ofisi ya Meneja iliharibika, Daudi akaitwa. Alieleza kwamba hawezi kuondoka pale. Aliambiwa hiyo ni amri. Alikuwa amesimama juu ya kiti, feni mkononi, alipoisikia mashine ya kuchomelea ikiunguruma. Mama Sechelela alikuwa anaondoa chenga za chuma kwa brashi. Nilikuwa stoo, nami nilimsikia Daudi kabla sijamsikia Mama Sechelela, maana alipiga kelele akiwa bado anakimbia uani: "Mama, toa mkono! Toa mkono!"

Sitaeleza nilichokiona. Nitaeleza nilichokisikia. Tulipokuwa tumembeba kwenda kwenye gari, gari lilelile lililoegeshwa juu ya zege, alinishika shati kwa mkono wa kushoto akasema: "Nilikibonyeza. Bwana Mkaguzi, nilikibonyeza. Mmeona nimekibonyeza?"

Nikamwambia tumeona. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa na alama ya duara ya kitufe, imezama kwenye nyama.

Taarifa iliyopelekwa kwa wamiliki ilisema kwamba ajali ilisababishwa na uzembe wa mwendeshaji, ambaye alishindwa kutumia kitufe cha dharura kilichokuwa karibu naye. Niliombwa niitie saini kama mkaguzi. Nilikataa. Daudi alikuwa wa kwanza kupunguzwa, mimi nikafuata, na kwa kuwa mwendeshaji alikuwa mzembe, haki zake zikahesabiwa kama za mzembe.

Mama Sechelela yuko Bahi, kwa wazazi wa marehemu mumewe, kwenye majaruba ya mpunga. Anapandikiza kwa mkono wa kushoto, na pilipili ya maneno haijamwisha. Nilipokwenda mara ya mwisho aliniambia, "Bwana Mkaguzi, karibu uje unyweshe shaba, huku maji tele." Tukacheka. Halafu, nilipokuwa naaga, akasema jambo ambalo amelisema kila nilipomtembelea. Haombi fidia, haombi pole. "Waandike tu kwamba nilikibonyeza. Wajukuu wangu wanasoma. Watakuja kuliona lile neno."

Hilo lilitosha kunifanya niandike. Lakini kuna jambo lingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Karakana ilifungwa baadaye, na mali zake zikauzwa. Mashine ile haikuyeyushwa. Iliuzwa ikiwa na sanduku lake na kebo yake ya kijivu. Daudi aliiona ikipakiwa kwenye lori. Alimfuata dereva kumweleza habari ya kitufe, dereva akamwambia yeye ni wa kubeba tu. Nimeuliza, sijajibiwa ilikokwenda. Chuma kile hakizeeki upesi. Huenda kompyuta imebadilishwa mara kadhaa. Waya wa kitufe hakuna mtu anayeufuata mpaka swali liulizwe, na wa kuuliza hakuambiwa kwamba kuna la kuuliza.

Kwa hiyo, mbele yenu vijana mkiwa mashahidi, nawataka wamiliki wa iliyokuwa karakana yetu, au warithi wa haki na wajibu wao, walifute hadharani neno uzembe katika taarifa ya ajali ya Mama Sechelela na mahali pake waandike kwamba mwendeshaji alikibonyeza kitufe, na kitufe hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote chenye uwezo wa kumwokoa. Namtaka aliyekuwa Meneja ajitokeze aeleze kwa nini alifuta kanuni, akafunika ardhi na kumwondoa fundi kwenye swichi, baada ya kuonywa kwa mdomo na kwa maandishi. Na nawataka wote hao kwa pamoja waseme mashine ile ilipelekwa wapi, ilipokewa na nani, na kama aliyeipokea aliambiwa. Hili la mwisho halisubiri kikao. Kiangazi kimekwisha kushika, udongo unakauka, na mahali fulani katika nchi hii kuna mtu amesimama mbele ya meza ile, anakiamini kitufe chekundu.